Kabla ya Kununua Kanga, Soma Jina

Nimezaliwa Shinyanga. Kwetu binti hupiga goti kumwamkia mkubwa, "Mwangaluka", lakini akishainuka husema lake wazi. Nilipoolewa Unguja nilijua Kiswahili ni kilekile, kwa hiyo sina la kujifunza.

Mwaka wa kwanza nikamnunulia wifi yangu doti ya kanga pale Darajani. Nilipenda rangi, nyekundu iliyoiva, na pindo la korosho. Jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, sikulisoma. Wifi akaipokea kwa mikono miwili, akaikunjua, macho yakasimama penye maandishi: HASIDI HANA SABABU. Akaikunja maandishi yakiwa ndani, akasema ahsante. Wiki 3 hakukanyaga kwangu.

Mume wangu alisema kanga ni nguo tu. Yeye na wenzake hukaa barazani baada ya Isha wakabishana Simba na Yanga mpaka sauti zinafika jikoni, kisha kahawa na kashata, yamekwisha. Mwanamke akipaza sauti hivyo huambiwa ana mdomo. Ndipo nguo inapopewa kazi ya kusema, maana neno la kanga aliyeivaa anaweza kulikana.

Aliyenitoa katika aibu hiyo ni somo wangu, yaani kungwi wangu. "Mwanangu, umemtukana mtu mchana kweupe," akaniambia, akaenda yeye kwa wifi kueleza kwamba sikujua. Wifi akaja siku ileile.

Basi dada unayekwenda kuolewa pwani, salamu usizikatize. Za nyumbani, za watoto, za wazee, jibu zote. Shida iliyomleta mtu mara nyingi hujitokeza kwenye salamu ya tatu au ya nne. Ukiomba jambo ukajibiwa "Inshallah" kwa sauti ya chini, usirudie kuuliza mbele za watu. Wala usidhani wanawake hawa hawajui kusema wazi: wakiwa peke yao na bibi harusi, husema mambo niliyoona haya kuyasikia.

Ila sikubali kila kitu kifumbwe. Ugonjwa, kipigo, pesa za watoto, hayo yatamke, maana fumbo la jikoni halimfikii mwanamume wa barazani. Mimi nilimfumbia wangu mwezi mzima habari ya ada ya shule. Siku niliyomtajia kiasi, alilipa kesho yake.