Kutetemeka ukiondoka si betri

Kaka, umeuliza kama ununue betri mpya kwa sababu pikipiki yako ya umeme inatetemeka ukiondoka. Hapana, usinunue kwanza. Pikipiki ya umeme inayotetemeka papo hapo ukivuta mafuta, halafu ikisukumwa kidogo inakwenda vizuri, mara nyingi shida ni sensa za Hall ndani ya mota. Ziko tatu. Ndizo zinazoiambia kontrola (kile kisanduku kinachogawa umeme kwenda kwenye mota) sumaku za mota zimefika wapi, ili ijue umeme iupeleke kwenye nyaya zipi kati ya zile tatu nene zinazoingia kwenye mota. Moja ikifa, kontrola inakosea zamu na mota inavutwa mbele na nyuma. Betri iliyochoka dalili yake nyingine: inaondoka vizuri, ukifika mlimani inakata.

Juzi nimefungua moja hapa Ujiji, maji ya mvua yalikuwa yameingia kwenye soketi ya zile nyaya nyembamba za sensa, pini moja imeliwa na kutu mpaka imebaki kama sindano. Sensa yenyewe nzima kabisa! Kwa hiyo anza na soketi.

Kupima: washa swichi, mita ya kupimia umeme iwe DC volti 20, ncha nyeusi kwenye waya mweusi wa soketi hiyo, nyekundu kwenye wa njano, kijani, kisha bluu. Zungusha tairi polepole kwa mkono. Kila mmoja uruke kati ya karibu 0 na karibu volti 5. Unaogoma kubadilika ndio wenye shida. Zikigoma zote, cheki kama waya mwekundu unaleta volti 5.

Ila kama hata ikishakimbia bado inanguruma na haina nguvu, kagua zile nene, huenda mmoja umekatika.