Nyumba ina jina la mume pekee: jibu kwa dada anayetafuta wakili wa talaka

Dada uliyeuliza juzi kutoka Mbeya, umeeleza kwamba mlifunga ndoa ya kanisani mwaka 2011, mna watoto wawili, nyumba imeandikwa jina la mume pekee, na sasa ameanza kuleta wanunuzi kuiangalia. Unataka kujua kama una haki yoyote katika nyumba hiyo na utamtambuaje wakili anayefaa. Mimi si mwanasheria. Nakujibu kama mwanamke aliyepita njia hiyo hiyo, Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2018, na ninachoeleza kinahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar wana utaratibu wao.

La haraka ni nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kuweka rehani, kupangisha au kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo, hata kama hati ina jina lake tu. Kifungu hicho hicho kinakupa haki ya kuilinda kwa zuio. Ikiwa nyumba imesajiliwa, zuio huwekwa kwa Msajili wa Hati; ikiwa bado iko kwenye karatasi za mauziano za serikali ya mtaa, kama ilivyokuwa yangu, andika barua ya pingamizi kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kisha ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua yangu ilikuwa ukurasa mmoja, nimeiandika kwa mkono. Wiki mbili baadaye mnunuzi alifika ofisi ya mtaa na mashahidi wake, mwenyekiti akafungua jalada, akamsomea barua ile mbele ya mume wangu, na mauziano yakaishia hapo. Usisubiri kesi ifunguliwe ndipo ufanye hili, maana nyumba ikishauzwa utakuwa unamfukuzia mtu wa tatu mahakamani.

Sasa niseme kuhusu wakili, na hapa nitakawia kwa sababu ndipo nilipoumia. Wakili wangu wa kwanza alikuwa wakili halali, mwenye ofisi nzuri mjini, na sifa zake nilizipata kwa watu aliowashindia kesi za madeni na mikataba ya biashara. Alinisikiliza kwa dakika kumi, akanihakikishia kwamba nusu ya nyumba ni yangu, akapokea malipo ya awali. Hakuniuliza hata mara moja kuhusu baraza. Sheria yetu hairuhusu kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata, la kanisa au la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), nalo likathibitisha kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Yapo mazingira machache ya kusamehewa, mfano mwenzako amekutelekeza na hujui alipo. Hati hiyo nilikuwa nayo. Tatizo ni kwamba inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri, na yangu ilikaa kwenye jalada la wakili yule mpaka ikatimiza miezi minane. Wakili wa upande wa pili alisimama, akasoma tarehe, akaketi. Shauri langu likaondoshwa siku hiyo hiyo bila mtu kuuliza habari za nyumba wala watoto, nami nikarudi barazani kuanza upya, fedha za awali zikiwa zimekwenda.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni maswali anayokuuliza wakili kabla hujamuuliza wewe. Anayezijua kesi za familia atataka kufahamu ndoa ni ya aina gani na cheti kiko wapi, imetimiza miaka miwili au bado (kwa kuwa kabla ya hapo unahitaji kibali cha mahakama), mmefika baraza gani na lini, watoto wana umri gani na wanalala wapi sasa hivi, na kila mali ilipatikana kabla au baada ya ndoa. Dada zetu Waislamu nao waelezwe wazi kwamba karatasi ya talaka iliyoandikwa nyumbani, peke yake, haitoi mgawanyo wa mali. Baada ya baraza kushindwa na talaka kutolewa, mahakama ndiyo hutoa amri ya kuivunja ndoa na kugawa mali.

Wakili wangu wa pili alikuwa mama wa makamo ambaye ofisi yake ilikuwa na meza moja na feni inayolia. Nilimpelekea bahasha ya kaki iliyojaa kila kitu, akaimwaga mezani na kuanza kutenga mafungu: risiti za saruji na nondo upande huu, ujumbe wa M-Pesa niliokuwa nimeuchapisha upande ule, na katikati daftari langu la genge, ambalo nilikuwa naandika mauzo ya nyanya na vitunguu pamoja na fedha niliyotoa kwa fundi. Mimi daftari lile nilitaka kuliacha nyumbani kwa sababu lilikuwa na madoa ya mafuta. Alilishika muda mrefu kuliko risiti zote. Akaniambia, "Mama, hili ndilo litakalosema ulichangia nini, na lini. Lakini ile gari uisahau, aliinunua kabla hajakuoa na hukuigharimia chochote."

Maneno hayo kuhusu gari ndiyo yaliyonifanya nimwamini. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinagawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa, pamoja na ile iliyokuwa ya mmoja kabla ya ndoa lakini ikaendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili. Mahakama huangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote na mahitaji ya watoto. Nusu kwa nusu haimo katika sheria hiyo kama haki ya moja kwa moja, na anayekuahidi hivyo kabla hajaona karatasi zako anakupoza moyo tu. Hata hivyo, usikubali kuambiwa kwamba mama wa nyumbani hana kitu. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani na malezi huhesabiwa kuwa mchango. Hukumu za aina hiyo husomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, nami nakusihi usome mbili tatu kabla ya kumwona wakili yeyote, uone majaji wanavyopima ushahidi.

Kuhusu watoto nitasema kwa ufupi: sheria inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na ustawi wa mtoto ndio unaotangulia.

Uhalali wa wakili unathibitika kwa dakika chache. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili unaoonyesha kama jina lake limo na kama anaruhusiwa kufanya kazi kwa sasa, kwa sababu leseni ya uwakili huhuishwa. Vishoka, yaani mawakili bandia, wanaozunguka nje ya mahakama huwa wanakwepa kukupa jina kamili na namba ya usajili. Makubaliano ya malipo yaandikwe, yaeleze yanahusu hatua zipi, na kila shilingi ipewe risiti. Wakili akikukosea, malalamiko hupelekwa Kamati ya Mawakili. Ukiwa huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa bure, na mashirika kama TAWLA, chama cha wanasheria wanawake Tanzania, yamewasaidia wanawake wengi katika mashauri haya.

Umesema Jumatatu utakwenda kumwona wakili uliyeelekezwa na shemeji yako. Kabla ya hapo, Ijumaa hii, peleka barua ya pingamizi. Jumatatu beba cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nakala ya karatasi za kiwanja hata kama ni picha ya simu, na daftari lolote ulilowahi kuandikia matumizi ya ujenzi. Kisha mwulize ni kesi ngapi za ndoa amesimamia mpaka hukumu, na ni nini katika madai yako anadhani hutakipata.