Usilipie jakuzi kabla hujamjua fundi atakayekuja Januari

Mkuu, hiyo advansi ya Jumamosi usilipe. Nimesoma uzi wako saa kumi na moja alfajiri natoka zamu ya usiku, usingizi wote umekata. Salamu tutapeana baadaye.

Umeuliza hivi: uko Edmonton hapa Kanada, mgongo unakusumbua kwa ajili ya lori, unataka jakuzi la kuweka nyuma ya nyumba. Unachagua kati ya kampuni tatu, Hot Spring, Arctic Spas, Beachcomber, na hilo la nne uliloona kwenye tangazo la maonyesho ya wikiendi, limeshushwa bei karibu nusu. Unataka kujua lipi linahimili baridi, jeti (matundu yanayosukuma maji) 30 zinatosha au 60, maji yasafishwe kwa chumvi au klorini, na kama lile la kuchomeka kwenye soketi ya kawaida linafaa. Halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, umeandika: "ila hilo la maonyesho ofa inaisha Jumapili, nadhani nitaliwahi."

Hapo ndipo moyo uliponiruka. Mimi nililiwahi.

Niko Winnipeg. Septemba 2018 nilikwenda kwenye maonyesho kama hayo, ukumbi mkubwa wa kukodi, majakuzi kama thelathini yamepangwa, maji yanachemka povu, taa za bluu na zambarau. Kijana aliyetuhudumia alikuwa na kipande cha povu gumu kama mkate wa boflo, chini yake taa kali inawaka. "Weka mkono hapa, bosi. Unasikia joto?" Sisikii. "Basi ndivyo beseni hili lilivyo, kila upande. Hili limetengenezwa kwa ajili ya Alaska." Bei ya dola 17,999 imekatwa kwa wino mwekundu, chini yake 9,800, kodi ndani, kifuniko ndani, ngazi ndani. Nikamuuliza likiharibika. Akasema, nanukuu maana sitayasahau mpaka naingia kaburini: "Tuna mafundi nchi nzima."

Nikalipa. Jumatatu yake nilipita pale naenda kazini, ukumbi uleule umejaa matrekta. Wauza majakuzi wameshahama mji.

Beseni lililetwa Oktoba na wabebaji wa kukodi ambao hawakujua hata upande wa mlango wa mitambo. Nikamwaga zege, nikamlipa fundi umeme avute laini ya volti 240, na miezi mitatu ya kwanza, nasema ukweli, nilikuwa mtu mwenye furaha. Mke wangu analea wazee kwenye nyumba ya wazee, siku nzima anainua watu vitandani. Alikuwa anarudi, anaingia majini dakika ishirini, anatoka anatembea kama binti.

Ikaja wiki ya mwisho ya Januari 2019, ile baridi ya ncha ya dunia ilipoteremka mpaka Chicago watu wakaambiwa wasitoke nje. Kwetu usiku ilishuka chini ya nyuzi hasi 35. Alhamisi narudi alfajiri, natazama kioo kidogo cha jakuzi, kinaonyesha herufi tatu: FLO. Yaani maji hayazunguki. Pampu kimya, hita kimya.

Nikapiga namba ya kwenye mkataba. Sauti ya kurekodiwa. Nikapiga kiwandani, wakasema wasiliana na aliyekuuzia. Mchana aliyeniuzia akapatikana, akanipa namba ya "fundi wetu wa eneo lako." Fundi wa eneo langu yuko Regina, mkuu. Karibu kilomita 570. Nikapigia maduka matatu ya hapa mjini, na yote matatu yakanijibu kitu kimoja kwa upole kabisa: tunatengeneza tulichouza sisi. Sikuwalaumu, wana wateja wao wenye matatizo wiki hiyohiyo, na vipuri vya beseni langu hawana.

Ijumaa nikafungua mbao za ubavuni nione mwenyewe. Lile povu la kwenye meza ya maonyesho halikuwepo. Ubavuni wamebandika karatasi moja ya kung'aa, ile yenye vipovu vya hewa, ndugu yake na ile tunayoweka kwenye kioo cha gari Dar jua likiwa kali. Mabomba yako uchi. Nilipitisha mkono kutoka upande mmoja hadi mwingine nikagusa upepo.

Sasa sikiliza sehemu iliyonigharimu kuliko zote. Nilimpigia tena yule muuzaji nikamuuliza: nimwage maji? Akasema, "Hapana, usimwage, ukimwaga unapoteza waranti. Fundi anakuja Jumatatu." Nikamwamini. Nikawasha hita ndogo ya chumbani nikaisukuma humo ndani, breka ikawa inakata kila baada ya nusu saa kwa sababu waya wa kuunganishia ulikuwa mwembamba, nikawa naamka naiwasha tena. Nilikuwa nafunua kifuniko nachovya kidole, maji bado vuguvugu, najipa moyo kwamba Jumatatu itafika salama.

Hilo ndilo ambalo hakuna aliyenieleza. Maji yaliyo kwenye beseni ni lita 1,300, yanapoa polepole. Maji yaliyo ndani ya mabomba ni kidogo, na yakisimama hayana wa kuyapasha. Kwa hiyo juu unachovya kidole unaona bado, chini yameshakuwa mawe. Jumamosi usiku nikasikia mlio mmoja, kaa! kama tawi kavu. Baadaye mwingine. Nikakaa jikoni na taa imezimwa, nahesabu milio.

Jumatatu hakuja mtu. Jumatano hakuja mtu. Aprili barafu ilipoyeyuka nikajaza maji kujaribu, yakatoka kila mahali kama tui kwenye kifumbu. Pampu zote mbili zimepasuka tumbo, mabomba yamechanika kwenye maungio nisikoweza hata kufika. Makadirio ya matengenezo yalikuwa dola 4,200, bila uhakika kwamba ndiyo mwisho. Na waranti? Ukurasa wa tatu, herufi ndogo: uharibifu utokanao na kuganda haumo. Yaani aliyeniambia nisimwage maji ili nilinde waranti alikuwa anajua, au alipaswa kujua, kwamba waranti yenyewe hailindi kitu hicho.

Hesabu: beseni 9,800, umeme 1,900, zege 1,400, na dola 450 nilizowalipa vijana waje walikate kwa msumeno walibebe vipande vipande. 13,550. Mke wangu alisimama dirishani akiangalia wanavyokata, hakusema neno.

Najua wanaokuja hapo chini kuandika "kwa hela hiyo si ungenunua kiwanja Kigamboni." Kiwanja hakinyooshi mgongo wa mke wangu. Na wa "Mwafrika na jakuzi wapi na wapi," njoo ukae Winnipeg majira matano ya baridi halafu tuongee tena. Hii si anasa, ni dawa. Ndugu wenyewe kina Jacuzzi, wale Waitaliano wa California ambao jina lao tumeligeuza kuwa la kila beseni, walikuwa watengeneza pampu, na pampu yao ya kwanza ya kuogea waliitengeneza kwa sababu mtoto wa mmoja wao alikuwa na ugonjwa wa viungo.

Hasira yangu hadi leo si kwa baridi. Baridi tuliijua. Ni kwa mtu anayeshika kipande cha povu mezani akijua kwamba alichokuuzia hakina povu hilo, anayesema "nchi nzima" akijua Jumatatu hayupo. Na kwa yule mwenzetu aliyenipeleka pale, aliyekuwa ananisukuma kiwiko "chukua, ofa kama hii hairudi," halafu nilipompigia Februari akasema yeye alikuwa anashauri tu.

Kwa hiyo mkuu, swali la kwanza si Hot Spring au Beachcomber. Swali ni nani atakuja nyumbani kwako Januari, na baada ya siku ngapi. Mara ya pili nilipotaka kununua jakuzi nilifanya hivi: nilipiga simu madukani siku ya baridi kali, lakini sikupiga mauzo, nilipiga ufundi. Ukipiga mauzo wanapokea kabla haijalia mara ya pili. Niliuliza maneno matatu: mafundi ni waajiriwa wenu au wa kukodi? Pampu na hita za modeli hii ziko stoo kwenu leo? Mtu akipiga asubuhi jakuzi limezima na nje ni hasi 30, mnafika lini? Duka la kwanza likaniambia siku tisa. La pili likasema litanipigia, mpaka leo. La tatu alipokea mzee mwenyewe, nasikia mashine zinaunguruma nyuma yake, akasema: "Ukipiga kabla ya saa sita mchana, kesho asubuhi. Ukipiga baada ya hapo, kesho jioni. Wakati huo huo nitakuelekeza cha kufanya."

Nikanunua kwake, lile analouza yeye. Silitaji jina maana utakwenda kununua jina. Februari 2022 pampu ndogo ya mzunguko ikafa, nje hasi 29. Saa nne asubuhi mzee yuko nyuma ya nyumba, pampu mpya iko kwenye gari. Ametandika turubai, amepiga magoti kwenye theluji, na ile nati kubwa ya plastiki ya kuunganishia bomba hawezi kuizungusha na glavu. Basi anavua glavu, anazungusha robo, anachovya vidole kwenye maji ya moto ya beseni, anarudi anazungusha robo nyingine. Dakika arobaini. Nilimpa chai ya tangawizi akainywa amesimama.

Zile kampuni tatu ulizozitaja zote zinajua baridi, usipoteze usingizi. Hot Spring wanajaza povu ndani, mabomba yamefukiwa, joto linakaa vizuri, ila bomba likivuja inabidi kuchimba. Arctic Spas ni watu wa Alberta kwenu huko, wao wanaziba kuta za nje na kuacha nafasi katikati, joto la pampu linabaki humo na fundi anafika kila bomba. Beachcomber wa British Columbia wanaweka mitambo chini ya ngazi. Kila mmoja ana sababu zake, na kila mmoja ni mbovu iwapo duka lake lililo karibu nawe halina fundi. Piga simu hizo zote kabla ya Jumamosi, duka litakalokujibu vizuri ndilo litakalokuchagulia kampuni.

La kuchomeka kwenye soketi achana nalo kwa Edmonton. Lita 1,300 zinahitaji kama uniti (kilowati-saa) moja na nusu ya umeme kupanda nyuzi moja tu. Hita ya soketi ya volti 120 ina kilowati moja au moja na kitu, kwa hiyo hata bila kupoteza joto lolote hupandi nyuzi moja kwa saa, na mengi yao ukiwasha jeti kwa nguvu hita inazima. Usiku wa hasi 30 utakuwa unaoga huku maji yanapoa. Vuta volti 240. Huko umeme wenu ni ghali kuliko huu wetu wa maporomoko ya Manitoba, kwa hiyo kifuniko kiwe kizito na kizima, chenye zuio la mvuke pale kinapokunjwa katikati. Theluji ikianguka juu ya kifuniko ikakaa, safi. Ikiyeyuka mstari katikati, pesa zako zinatoka hapo.

Na kama bahati mbaya ikakukuta kabla hujapata fundi: pampu ikizima na ndani ya saa ishirini na nne hakuna anayekuja kwa jina na saa, zima umeme wote wa beseni kwenye breka, mwaga maji yakiwa bado ya moto, fungua maungio ya pampu, puliza mabomba kwa ile vakyumu ya karakana upande wa kupuliza mpaka jeti zisitoe hata tone. Beseni tupu na kavu haligandi. Yeyote atakayekwambia usubiri Jumatatu, mwambie aandike na asaini kwamba kupasuka kutakuwa juu yake.

Ukishapiga hizo simu njoo uandike hapa walikujibu siku ngapi, duka kwa duka. Niko macho mpaka saa nne, kisha nalala kidogo, jioni nitapita tena kuangalia. Na hilo tangazo la maonyesho lina namba ya simu chini. Wapigie sasa hivi, uliza jina la fundi wao anayekaa Edmonton.