Kitaliano Japani kiliwe mchana

Ule mgahawa wa Kitaliano nilikuwa naupita kila jioni nikitoka chuoni, Tokyo. Bei za kwenye ubao wa mlangoni zilinitosha kugeuza shingo. Miezi mitatu nikaupita hivyo hivyo, mpaka siku moja nikapita adhuhuri nikakuta ubao mwingine kabisa: tambi, saladi, kipande cha mkate na kahawa, yote kwa yen 1,100. Na mpishi ni yule yule.

Basi ukiwa na hamu ya chakula cha Kitaliano Japani, nenda mchana na uagize kile wanachokiita "ranchi setto", yaani seti ya chakula cha mchana. Migahawa mingi hufungua saa tano na nusu, na kwenye saa nane jiko linapumzishwa mpaka jioni. Saa sita kamili usithubutu, ofisi zote zinamwagika kwa pamoja. Mimi hufika saa saba na robo. Ukiwa huna kitu mfukoni kabisa, ipo Saizeriya, migahawa ya Kitaliano ya bei nafuu, ambako doria, wali uliomwagiwa sosi ukaokwa, ni yen 300. Doria yenyewe Italia hawaijui. Inasimuliwa ilizaliwa kwenye hoteli moja ya Yokohama.

Mtihani ni nguruwe. Niliwahi kuagiza "peperonchino", ambayo kwenye picha ilikuwa tambi, kitunguu saumu na pilipili, basi. Ikaja imejaa vipande vya bekoni. Nilijilaumu mwenyewe, sikuuliza. Siku hizi nauliza hivi: "Buta niku haitte imasu ka?", yaani kuna nyama ya nguruwe ndani? Kisha nataja bekoni na "hamu", yaani paja la nguruwe lililotiwa chumvi, kimoja kimoja, maana kuna mhudumu ambaye ukimwambia "buta" yeye anawaza mnofu tu. Sosi ya nyama ya kusaga pia uiogope, mara nyingi ng'ombe na nguruwe wamesagwa pamoja. Ya kombe, "bongore", hupikwa kwa mvinyo mweupe. Nikibaki na shaka naagiza pizza margarita, na wallahi pizza za Tokyo si za kubahatisha.

Utakutana pia na tambi za mayai ya samaki yenye pilipili, mentaiko, zimenyunyiziwa mwani juu. Mtu wa Paje, kule Zanzibar, atacheka: mwani tunaulima na kuuza nje, kuula na tambi hatukuwahi kufikiria. (Mayai hayo mara nyingi huungwa kwa sake, pombe ya mchele, kwa hiyo uliza.) Ile iitwayo "naporitan" ni ya tomato sosi na ina utamu utamu. Sisi tuliolelewa na tambi za sukari wakati wa futari haitutishi, ila mara nyingi huwa na bekoni au soseji.

Nilikuwa nimeshajizoesha kuvuta soba, tambi za Kijapani, kwa kelele kama wenyeji. Nikaivuta spageti vile vile, meza ya jirani ikageuka. Kumbe kwenye mgahawa wa Kitaliano wanazungusha uma kimya kimya. Bili utaichukua mezani uende nayo kwa keshia, pesa uiweke kwenye kisahani, na bakshishi usiache.

Sahani zao ni ndogo. Useme "oomori" wakuongezee, pengine bure, pengine kwa yen mia hivi. Mimi mara ya kwanza sikulijua neno hilo, nikatoka pale moja kwa moja hadi duka la pembeni kununua onigiri mbili, yaani matonge ya wali.