Uliza Tukujibu: Mdudu kwenye yogati, yai kwenye picha

SWALI: Habari za kazi wadau. Nimenunua yogati ya stroberi supamaketi, mwanangu kasoma kopo akaniambia mama hii E120 ni mdudu. Nikamwambia acha uongo wako, ila toka siku hiyo yogati ipo tu kwenye friji hakuna anayeigusa. Ni kweli au ananitania?
Mama wa Tabata

JIBU: Mama, mnunulie dogo soda, kasema kweli kabisa. E120, au wakati mwingine wanaandika "carmine", ni wekundu unaotoka kwa kidudu kinaitwa kochinili, kinaishi kwenye mpungate, ile kaktasi ya mapande bapa yenye miiba. Ukikikuta mmeani utadhani mtu kamwaga unga wa ngano, cheupe cheupe hivi, lakini kitumbue uone, kidole kinakuwa chekundu utasema umejikata na kisu. Huo wekundu ndo silaha yake, sisimizi hawautaki. Wanaovunwa ni majike, hawana mbawa, wamejikita palepale wananyonya utomvu, basi wanakwanguliwa wanaanikwa wanasagwa. Nusu kilo ya wakavu ni kama vidudu 70,000, hebu fikiria hiyo kazi.

Wenyeji wa Mexico, hasa Oaxaca, walitia nguo rangi hii karne nyingi kabla Mhispania hajatia mguu. Alipofika akaona hela, ikawa mali yake kubwa kutoka kule baada ya madini ya fedha, na siri akaibana mpaka Ulaya watu wanabishana eti ni mbegu au ni mdudu. Mwaka 1777 Mfaransa mmoja, Thiéry de Menonville, akajipenyeza hadi Oaxaca akatoroka na mapande ya mpungate na wadudu wake juu. Siku hizi Peru ndo inaongoza kuzalisha.

Sasa mimi kinachonifurahisha zaidi ni kwamba rangi hiyohiyo ya kwenye kopo lako imetundikwa makumbusho. Mwaka 1883 mchoraji Mfaransa Renoir alimchora mama mmoja wa Paris, Madame Clapisson, picha ipo Chicago, na nyuma yake ukuta ulionekana umepoa tu, rangi ya bluu na kijivu. Wataalamu walipotoa fremu wakakuta ukingo uliokuwa umefichwa humo bado mwekundu wa kuwaka! Ilikuwa kochinili, mwanga umeila taratibu miaka yote hiyo na hakuna aliyestuka. Kwenye yogati haina shida hiyo maana inaliwa kabla haijapauka.

Kuhusu kula, kiafya inaruhusiwa, ila kuna wachache wanapata aleji. Halali au si halali mashekhe hawajakubaliana, muulize wa kwenu. Wasiokula nyama wao wengi hawaitaki, na kelele zao ndo zilifanya Starbucks, wale wauza kahawa wa Marekani, waiache mwaka 2012 wakahamia rangi ya nyanya. Kama roho inakataa, tafuta yogati iliyotiwa rangi ya bitiruti, zipo.

SWALI: Eti wachoraji wa zamani walichora kwa mayai? Yai si linaoza jamani?
Mdau wa Nakuru

JIBU: Walichora ndugu yangu, na haliozi maana linakauka faster likawa gumu kama vanishi. Unachukua kiini peke yake, unakibiringisha kiganjani mpaka ute uishe, unakitoboa, kinachomwagika unachanganya na maji na unga wa rangi. Picha za Italia za miaka ya 1300 na 1400 nyingi zimechorwa hivyo na bado zinang'aa.

Halafu kuna fundi wao mmoja, Cennino Cennini, aliacha maelekezo kwamba uso wa kijana upakwe kwa kiini cha kuku wa mjini kwa sababu kimepauka, na cha kuku wa shamba chenye wekundu kibaki kwa wazee na watu weusi weusi. Yaani kuku wa kienyeji na wa kisasa wameanza kubishaniwa zamani sana, na hapo hata chipsi mayai hazijagunduliwa.