Maswali ya Wasomaji: Kuinua HiAce ya Kulala Safarini

SWALI: Nina Toyota HiAce niliyoifungia kitanda, jiko la gesi na tangi la maji la lita 80. Nataka kubadilisha mwenyewe senta beringi, yaani beringi inayoshikilia katikati ya shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, hapa nyumbani, uwanja wenye mchanga. Jirani ananishauri niinue nyuma kwa jeki, niegemeze kwenye matofali ya saruji, niweke gia na kuvuta hendibreki. Je, inatosha?
Msomaji, Tanga

JIBU: Haitoshi, ndugu msomaji, na tuanze na gia na hendibreki kwa kuwa ndizo zinazowahadaa wengi. Hendibreki ya HiAce hushika magurudumu ya nyuma peke yake, hivyo ukishayainua haizuii gari tena. Gia nayo huyafikia magurudumu hayo kwa kupitia shafti ileile unayokusudia kuifungua. Kinachobaki kulizuia gari lisitembee ni kabari, kwa hiyo weka kabari imara mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele kabla hujagusa jeki.

Mchanga pia haufai, kwani stendi, yaani miguu ya chuma ya kuegemezea gari lililoinuliwa, huzama upande mmoja. Tafuta sakafu ya zege iliyo sawa, hata kwa kuiazima kwa jirani huyohuyo.

Jeki ni ya kuinulia tu. Sili yake, yaani mpira unaozuia mafuta ndani ya jeki, ikivuja, gari hushuka bila kukupa nafasi ya kutoka. Matofali, hasa yenye matundu, hupasuka ghafla. Tumia stendi za chuma, na usome vizuri tani zilizoandikwa, kwa sababu mara nyingi kiwango hicho ni cha stendi mbili kwa pamoja.

Mwaga maji, ambayo ni kilo 80 zinazochezacheza ndani ya gari refu, teremsha mtungi wa gesi, wala asibaki mtu kitandani. Kisha inua upande mmoja wa ekseli ya nyuma, weka stendi chini ya ekseli karibu na springi, ukafanye vivyo hivyo upande wa pili. Lisukume gari kwa nguvu kutoka ubavuni: likiyumba, lishushe uanze upya. Likitulia, laza tairi la akiba chini ya chesisi, uweke gia huru ili uweze kuzungusha shafti kwa mkono na kuzifikia bolti zote, na umwombe mtu mmoja akae nje karibu nawe muda wote utakapokuwa chini.