Kabla ya Kuuliza Bei ya Kiatu, Uliza Umri Wake

Soli ya kiatu changu cha kulia iling'oka tukiwa katikati ya mteremko wa kwenda maporomoko ya Sheldrick, kule Shimba Hills, na ya kushoto ikafuata kabla hatujayafikia maji. Safari yenyewe si ndefu, ni takriban kilomita 2, lakini njia inateremka sana, na hutembei peke yako bali na askari wa wanyamapori, kwa kuwa msitu ule una ndovu. Askari wetu alinifungia soli kwa kamba, nami nikapanda kurudi garini nikitembea kama bata. Kilichoniuma zaidi ni kwamba yalikuwa mabuti ya mlimani, ya ngozi nzuri, niliyoyapata mtumbani yakiwa yanang'aa na kuyatunza kabatini miaka 3 ili nisiyachoshe.

Nilimpelekea fundi viatu wa mtaani kwetu Kisauni, mzee mwenye maneno machache. Aliibonyeza soli kwa kidole gumba, pale katikati baina ya ngozi na raba ya chini, ikamomonyoka kama mkate mkavu. "Mwanangu," akasema, "kiatu hiki hakikuchakaa kwa kutembea, kimeoza kwa kukaa." Nilidhani ananitania, lakini ndivyo ilivyo. Mabuti mengi ya matembezi yana soli ya kati iliyotengenezwa kwa poliurethani, aina ya plastiki laini kama sponji, ambayo hufyonza unyevu wa hewa na kuvunjika kidogo kidogo hata kama kiatu hakijavaliwa, na joto huharakisha uharibifu huo. Nasi watu wa Mombasa hatujawahi kupungukiwa na joto wala unyevu.

Kwa hiyo siku hizi, nikiokota kiatu mtumbani, sianzi na ngozi wala rangi. Naipinda soli, naibonyeza ubavuni kwa ukucha, kisha natazama kama kuna nyufa nyembamba au kama inanata. Nikiona hata kimoja kati ya hivyo, nakirudisha kiatu mahali pake, kiwe cha bei ya kutupa namna gani. Soli iliyoshonwa naiamini kuliko iliyogandishwa kwa gundi peke yake. Aidha, viatu vilivyotiwa utando wa kuzuia maji, ambavyo wauzaji huvisifu sana, mimi sivitaki huku kwetu: jasho linakawia kutoka, na maji yakishaingia kwa juu hayana pa kupitia, ukajikuta unatembea na ndoo mbili miguuni. Kiatu chepesi chenye kitambaa cha matundu kinalowa upesi, lakini kinakauka upesi pia.

Mwambani ni habari nyingine kabisa. Maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, watu wengi hutoka Nyali na Bamburi kutembea hadi mbali wakiwa wamevaa champali. Champali huchomoka mguuni kwenye matope, huteleza juu ya mwani, na haziukingi ubavu wa mguu dhidi ya wale viumbe weusi wenye miiba mirefu wanaojificha kwenye mashimo ya mawe. Mwiba wao ni mwepesi kukatikia ndani ya nyama, na nina kovu la kuthibitisha hilo. Vaa raba iliyofunika vidole, yenye kamba na soli laini lakini nene, kisha ukanyage mchanga na mawe matupu, uyaache matumbawe, kwa kuwa nayo yana uhai. Makubadhi, ambayo nayapenda mno, yabaki kwa vichochoro vya Mji wa Kale na upepo wa jioni wa bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, penye sakafu kavu.

Kuhusu ukubwa, nenda dukani alasiri, mguu ukiwa umekwisha kuvimba kwa joto la mchana, ukiwa na soksi zile zile utakazotembelea, na zisiwe za pamba tupu, kwani zikilowa jasho huleta malengelenge. Funga kamba, kisha uteremke ngazi za duka mara mbili tatu. Vidole vikigonga mbele, usimkubali muuzaji anayekuambia kuwa kitatanuka; mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Ukirudi kutoka baharini, visuuze viatu kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi huikausha ngozi ikapasuka. Vijaze magazeti makuukuu na uvianike kivulini penye upepo, si juani, na baada ya hapo usivifungie kwenye mfuko wa plastiki. Raba ninazotumia sasa zinakaa barazani, nazivaa kila Jumamosi hata kama ninakwenda sokoni tu.